Korosho zinavunjikia wapi? Namna ya kuisaka hatua inayokula nzima zako kabla hujamlaumu mmenyaji

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanda kidogo au kikundi cha ubanguaji, awe Mikindani, Newala, Nachingwea au Ruangwa, ambaye korosho nzima zinaingia nyingi kwenye meza ya kumenya halafu zinafika chache kwenye katoni. Maabara huhitaji. Tafuta mizani inayosoma gramu, chekeche mbili tatu, futi ya fundi, turubai safi na daftari. Tenga siku tatu za kazi. Na uwe tayari kugundua kwamba mvunjaji mkuu ni wewe mwenyewe, kama nilivyogundua mimi.

Kwanza, kwa nini tuhangaike. Korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa (kutolewa ganda) na kumenywa (kutolewa utando mwembamba wa ndani), inauzwa kwa daraja. W320 ni nzima nyeupe, punje 300 hadi 320 kwa ratili moja, ambayo ni gramu 454 hivi. W240 ni kubwa zaidi, 220 hadi 240 kwa ratili. W450 ni ndogo. Punje moja ya W320 ina uzito wa gramu moja na nusu au pungufu kidogo, na ikivunjika katikati uzito haupungui hata chembe. Kinachopungua ni jina. Inaitwa nusu, kisha kipande, kisha chenga, na kwa kila jina jipya bei inateremka. Wakati huo umeshalipia ghafi, kuni za boila, mbanguaji, mmenyaji na umeme wa oveni. Korosho inayovunjika mlangoni pa ghala imekula gharama zote.

Mwaka wa kwanza tulipopeleka mzigo Dar es Salaam, mnunuzi alipiga simu akisema katoni tulizoandika W320 zina vipande vingi chini. Nilifanya wanachofanya wasimamizi wengi: nikaenda moja kwa moja kwenye meza za kumenya, nikatangaza makato. Akina mama wakanyamaza. Kesho yake mama mmoja wa meza ya dirishani akaniita, akafungua kiganja. Kulikuwa na vipande viwili.

"Mwanangu, hivi havikuvunjika siku moja. Hebu tazama."

Kimoja kingo zake zilikuwa zimekauka, zina umanjano, na kwenye ufa kulikuwa na uzi mwembamba wa utando mwekundu ulionasa. Kingine palipovunjika palikuwa peupe kama chaki, pakavu, ncha zake bado kali.

"Cha njano kilikuja kwangu kimeshavunjika. Hiki cheupe nimekiokota chini ya mrija wako."

Mrija wangu! Nilikuwa nimeutengenezesha kwa fundi bati wa mjini, utoke meza ya kuchambulia madaraja hadi kwenye ndoo ya kupakia, ili wasibebe trei. Kimo chake mita moja na nusu, mwisho wake ndoo tupu ya chuma. Nilijivunia sana mrija ule. Makato nikayarudisha siku hiyohiyo. Maneno niliyokuwa nimeshayasema hayakurudishika.

Hatua ya kwanza: usome mvunjiko

Kusanya konzi mbili za vipande kutoka kwenye ndoo ya mwisho, uzimwage juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Usiharakishe. Korosho ni mbegu yenye nusu mbili zilizolaliana. Nusu zikiachana kwa urefu, unapata kipande kirefu chenye uso laini upande wa ndani. Hiyo ndiyo nusu ya kweli, daraja la WS. Ikikatika kwa upana unabaki na kitako, daraja la WB. Tenga mafungu hayo mawili, kisha fungu la tatu la vipande visivyo na umbo.

Nusu zikizidi sana vitako, mara nyingi tatizo ni ukavu uliopita kiasi, au vidole na kisu vinavyobana wakati wa kumenya. Vitako na vipande vya pembe vikizidi, tafuta pigo: wembe wa mashine ya kubangulia, au kuangushwa. Kipande chenye doa la kahawia la mafuta ya ganda kilivunjika kwenye kubangua. Chenye kingo za manjano au mabaki ya utando ndani ya ufa kilivunjika kabla ya kumenywa. Cheupe pe kilivunjika baada ya oveni, na huenda ni baada ya mikono ya mmenyaji kabisa. Dalili hizi si hukumu, ila zinakuonyesha pa kuanzia, na zitakuepusha na ugomvi ambao hauna faida.

Hatua ya pili: tembea na korosho, hesabu maanguko

Chukua futi na daftari. Anza pale punje inapotoka kwenye oveni, uifuate hadi inapoingia kwenye gari. Kila mahali inapomwagwa, inapodondoshwa, inapotiririshwa au inapoburutwa, andika: inatoka kimo gani, inaangukia nini. Kutoka trei kwenda beseni, sentimita 40, plastiki. Beseni kwenda meza, sentimita 20, bati. Meza kwenda ndoo. Ndoo kwenda kwenye chekeche la kupembulia. Usiruke hata moja kwa kuona ni dogo. Mimi nilipohesabu mara ya kwanza nilidhani nitapata maanguko manne au matano. Nilipofika kwenye katoni nilikuwa nimejaza ukurasa.

Kuna mambo mawili ya kuelewa hapa, na yakieleweka mengine yote ni rahisi.

La kwanza: nguvu ya pigo inafuata kimo. Punje ikidondoka mita moja inagota ikiwa na mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde, karibu kilomita 16 kwa saa, mwendo wa baiskeli inayokimbia. Ikidondoka sentimita 25, mwendo ni nusu ya huo, lakini nguvu ya pigo ni robo tu, kwa kuwa nguvu inakwenda na mraba wa mwendo. Kwa hiyo sentimita unazozipunguza kwenye anguko refu zina faida kuliko marekebisho madogo madogo ya kila mahali. Wenye viwanda vya maziwa ya unga na kahawa ya kukoroga wana vita hiyohiyo. Wao husukuma unga kwa upepo ndani ya mabomba, na chembe zilizoshikamana vizuri zinagonga kona za bomba hadi zinakuwa vumbi. Dawa yao ya kwanza ni kupunguza mwendo wa upepo. Yetu ni kupunguza kimo.

La pili: korosho inachoka. Anguko la kwanza linaweza kuacha ufa usioonekana, la pili likauongeza, la tatu likaitenganisha. Ndiyo maana unayemwona anavunja si lazima awe ndiye aliyevunja. Yule wa mwisho kuishika hubeba lawama za wote waliomtangulia.

Hatua ya tatu: pima kabla na baada

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu wanachota sampuli juu ya ndoo. Korosho zikitikiswa, vidogo vinazama: kila punje kubwa inapoinuka kidogo, kipande kinachukua nafasi chini yake. Juu ya ndoo pazuri siku zote. Mnunuzi mzoefu anapindua katoni, anaanzia chini.

Fanya hivi. Chukua ndoo nzima kabla haijapita kwenye hatua unayoishuku. Imwage taratibu juu ya turubai, mikono karibu na chini, ifanye kichuguu, uikandamize kidogo kwa kiganja iwe duara pana. Igawe kwa ubao sehemu nne. Ondoa robo mbili zinazotazamana, changanya mbili zilizobaki, ugawe tena, hadi ubaki na nusu kilo hivi. Tenganisha nzima na zilizovunjika kwa mkono, pima kila fungu. Halafu fanya vivyo hivyo kwa ndoo iliyokwisha kupita kwenye hatua hiyo.

Tuseme kabla ya mrija, katika gramu 500 umepata gramu 25 zilizovunjika: asilimia 5. Baada ya mrija umepata gramu 45: asilimia 9. Hizo 4 za katikati ni za mrija, si za mama wa meza ya dirishani. Kwa mzigo wa tani 5, asilimia 4 ni kilo 200 zilizobadilishwa jina kwa bomba la bati.

Rudia mara tatu kwa kila hatua, kwa nyakati tofauti za siku. Sampuli moja inaweza kukudanganya. Tatu zikisema neno moja, ziamini. Ukitaka kujua vipande vinaangukia daraja gani, tumia chekeche: katika madaraja ya Kihindi, vipande vikubwa ni vile visivyopita kwenye tundu za milimita 4.75, vidogo visivyopita milimita 2.80, na chenga visivyopita milimita 1.70. Kilicho chini ya hapo ni unga, na unga ukiongezeka ghafla kuna mahali korosho zinasuguana: trei inayotetemeka muda mrefu mno, au mtu anayekoroga beseni kwa mkono huku akipiga soga.

Kama unakata malipo kwa sababu ya kuvunja, pima pale mtu anapokukabidhi kazi yake, mbele yake. Kumkata kwa hesabu ya mwisho wa kiwanda ni dhuluma, hata kama hukukusudia.

Hatua ya nne: unyevu

Utando hautoki bila kukausha, na kukausha ndiko kunakoifanya korosho iwe kama kioo. Kwenye oveni ya nyuzi 70 hivi za selsiasi, saa sita hadi nane, unyevu unashuka hadi karibu asilimia 3. Utando unasinyaa, unaachia. Lakini punje yenye ukavu huo ukiidondosha juu ya chuma, unaisikia ikilia. Soko nalo linataka unyevu usizidi asilimia 5 wakati wa kufunga. Kati ya 3 na 5 ndimo tunamofanyia kazi, na watu wengi wanalisahau eneo hilo, wanamenya zikiwa kavu, wanapanga madaraja zikiwa kavu, wanafunga zikiwa kavu.

Njia ni kumenya siku hiyohiyo, kabla utando haujanyonya hewa ukashika tena, kisha kuziacha zilizomenywa zirudishe unyevu kidogo kabla ya kuchambuliwa na kufungwa. Chumba kidogo kilichofungwa, chenye mvuke hafifu au mabeseni ya maji moto sakafuni, trei zikiwa juu kwenye rafu, zimetandazwa safu nyembamba. Pima kila baada ya muda kwa kipima unyevu. Usinyunyizie maji juu ya korosho hata siku moja. Sehemu moja italowa, nyingine itabaki kavu, na iliyolowa itaota ukungu ndani ya mfuko. Ukungu unaleta sumukuvu, na hapo hutazungumzia tena bei ya vipande, utazungumzia mzigo kurudishwa.

Pwani, Mikindani au Lindi mjini, hewa yenyewe ina unyevu, hasa wakati wa mvua. Korosho iliyoachwa wazi usiku kucha inaweza kupitiliza bila msaada wako. Kwa hiyo usiige muda wa mwenzako wa Newala juu ya uwanda. Kipimo chako kikuongoze. Kuna kipimo cha vidole: punje kavu mno inakatika kwa mlio na kutawanya chembe, iliyo sawa inakubali kujipinda nywele moja kabla ya kukatika. Kinafaa mezani. Kwenye hati za kuuza nje hakifai.

Hatua ya tano: fupisha maanguko

Kanuni yangu ni kwamba korosho iliyomenywa isianguke zaidi ya sentimita 25 popote. Mahali pengi inawezekana kwa kuinua ndoo juu ya stuli, hakuna zaidi. Mrija wangu nilioupenda niliukata, nikaweka mteremko mfupi wenye vituo vitatu vilivyopinda, kila kituo kikivunja mwendo. Hata hivyo baada ya mwezi niliuondoa kabisa, maana kubeba trei ilikuwa haraka zaidi. Sikumwambia fundi.

Usimalize ndoo. Acha safu ya korosho chini, vidole viwili hivi, ili inayoanguka iangukie mwenzake badala ya chuma. Itoe safu hiyo jioni, isilale humo. Kama lazima utandike kitu, tumia mpira unaoruhusiwa kwa chakula, unaooshwa na kukauka. Nimeona mahali wametandika kipande cha godoro. Korosho hazikuvunjika, kweli, ila zilitoka na chembe za sponji.

Wanaomenya kwa mashine ya upepo waanze na shinikizo dogo, wapandishe taratibu, wapime vipande kila wanapopandisha. Upepo mkali unamaliza utando haraka na unazitupa punje kwenye ukuta wa mashine. Mara nyingi ni nafuu kuziacha chache na utando, zimaliziwe kwa mkono.

Huko nyuma kwenye ubanguaji sitakaa sana, kwa kuwa vikundi vingi wanaujua kuliko mimi. Mambo mawili tu. Chambua ghafi kwa ukubwa kabla ya kubangua, maana nafasi ya wembe imewekwa kwa ukubwa mmoja: kubwa itakatwa hadi ndani, ndogo haitafunguka. Na korosho zikishatoka kwenye mvuke ziache zipoe zipumzike hadi kesho yake. Ganda likiwa bado laini na la moto, wembe unapita nalo hadi kwenye nyama.

Hatua ya sita: kufunga

Katoni ya kawaida ni ratili 50, yaani kilo 22.68, aghalabu mifuko miwili ya kilo 11.34. Adui hapa ni nafasi tupu. Mfuko usiojaa unageuka kayamba: kila shimo la barabarani, korosho zinaruka na kugongana. Jaza huku ukitikisa mfuko taratibu zikae, ongeza, ndipo ufunge. Ukitoa hewa kwa mashine, usiikaze hadi mfuko uchore umbo la kila punje. Mkazo huo unabana zile zenye nyufa na kuzimaliza. Wanaojaza gesi ya kaboni dayoksaidi huona mfuko unajikaza wenyewe baada ya siku kadhaa, kwa sababu mafuta ya korosho yanainyonya gesi hiyo. Wanalitegemea hilo, na kwa hiyo hawakazi sana mwanzoni.

Kilo 22.68 ni uzito mbaya kwa jambo moja: unarushika. Gunia la ghafi la kilo 80 hakuna anayelirusha peke yake, lakini katoni vijana wanarushiana kama matofali. Kuwafokea hakusaidii kama unawalipa kwa idadi ya katoni. Walipe kwa gari zima, uongeze kitu kwa mzigo uliopangwa bila katoni iliyobonyea kona. Mimi nililipa zaidi kidogo, nikapata nzima nyingi zaidi, na kelele zikapungua ghalani.

Hatua ya saba: gari

Panga katoni juu ya vichanja vya mbao, kingo zikutane, zisichomoze nje ya kichanja, kwa kuwa katoni inayoning'inia inabonyea kona. Zijaze gari ukuta hadi ukuta, na pakibaki nafasi zizibe kwa magunia matupu yaliyokunjwa. Funga kamba juu ya mbao, kamwe si moja kwa moja juu ya katoni. Wapakiaji wasipite juu ya mzigo.

Sehemu ya gari inayorukaruka zaidi ni ile ya nyuma kabisa, iliyopita ekseli ya mwisho. Kama una mzigo mchanganyiko, weka huko vipande na chenga, nzima zikae mbele na katikati. Na barabara ichunguze kabla. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Somanga, madereva walionja michepuko ambayo hakuna kifungashio kilichotengenezwa kwa ajili yake. Wakati kama huo ni bora mzigo usubiri ghalani.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi kwa sababu linachosha. Chagua katoni mbili za W320 ulizozihesabu mwenyewe. Moja iweke juu ya ekseli, nyingine mwisho wa gari, uziandike alama. Ziende na mzigo, zirudi na gari hilohilo bila kufunguliwa. Zikirudi, zifungue mbele ya dereva, ugawe robo, upime.

Ya nyuma tulipoifungua, chini ya mfuko kulikuwa na tabaka la unga mweupe ambalo katoni ya juu ya ekseli haikuwa nalo. Dereva aliuchota kwa kidole, akauonja, akauliza kama safari ijayo apunguze upepo wa tairi ili gari iwe laini, au apunguze mwendo. Nikamwambia mwendo. Upepo wa tairi ni wa usalama wake.